Samaki ya Mama Bado Banapumua

Mama,

Samaki beko. Naanza na ile juu nayua njo kitu ya kwanza ungeniuliza, mbele ya kuniuliza kama nimekula ao kama nimelala. Beko, banapumua, banakula, na ule jike mukubwa mwenye mukia ya kukatika anaendelea kufukuza benzake pa kona ya mupapai sawa vile mwenye lupango, mwenye uwanja yote, ni yeye. Mambo mingi ilipita mu hii nyumba toka ulienda. Lakini mayi yako ya samaki, hakuna muntu mwenye aliifukia. Balijaribu, ndiyo. Nitakuelezea yote, na sitapunguza sauti, juu toka siku ya kilio bantu banakazana kuniambia: Feza, punguza sauti.

Nianze na uongo yenye inatembea mu kartie, mu mutaa yetu. Banasema kinga njo ilikuua, ile baiskeli yenye bwana yako, Tata, alikuachia.

Mwenye alisema ile wa kwanza ni Mama Mukubwa, yaya yako, dada yako mukubwa mwenyewe. Alishuka treni ya kutoka Lubudi na kitambaa nyeusi mu kichwa, alilia pa mulango mupaka sauti ikakauka, kiisha akazunguka nyuma ya nyumba na akaona kinga ya Tata pembeni ya mayi, imesimama juu ya miti yake, haina mupira ata moja, na bipande ya malata ya bati imefungwa mu gurudumu ya nyuma. Akaisonda kidole. "Hii chuma njo ilikula roho ya ndugu yangu." Bantu bote baligeuka kuangalia ile chuma maskini. Toka pale maneno ilipita lupango kwa lupango, ikafika soko, ikafika Musonoi, na leo ukiuliza namna gani mama ya Feza alikufa, batakuambia alinyonga kinga mupaka moyo ikapasuka, juu ya samaki.

Uongo! Na nikisema uongo, nasema na mudomo wazi. Mi nilikuwa na weye ku lopitalo siku munganga alikuambia moyo yako ilichoka. Wakati ile hatukuwa na samaki ata moja, hatukuwa na shimo, nyuma ya nyumba kulikuwa mihogo na kuku tu. Alikuambia upumzike, usibebe bitu bizito, usipande mulima. Ulimuitikia ndiyo munganga, aksanti munganga, na sauti ya mutoto wa masomo. Kiisha tulipotoka inje uliniambia: kama ni kufa, sitakufa nikiikala pa kiti nangojea. Juma ile ile ulianza kuchimba.

Ulichimba asubui asubui, kidogo kidogo, mi nabeba udongo na karai. Tulijaza mayi ya kisima, tukatia tilapia yenye bwana ya Mama Zaina alikuletea mu ndobo, na kamio yake, ile lori, akirudia safari. Unakumbuka vile ulikuwa na furaha? Mugeni akiingia, ulimupeleka nyuma ya nyumba mbele ya kumupa kiti. Kiisha joto ikafika. Tuliamka asubui moja tukakuta samaki bote beko juu ya mayi, midomo wazi, banameza upepo. Mama Zaina jirani yetu, mwenye roho nzuri sana lakini mwenye alizaliwa ku Maniema, kwenye samaki banajichunga benyewe mu mito, alichungulia juu ya lupango akasema beko na njaa, ubapatie bukari, ile ugali yetu. Ulibapatia bukari. Kesho yake balikuwa banaelea, matumbo juu.

Muntu mwingine angefukia shimo. We ulilia kidogo, kiisha ukaanza kuangalia. Benye balibakia bazima balikuwa bote pa fasi moja, pale mi nilikuwa namwanga mayi ya kisima toka juu. "Feza, habakosi chakula," uliniambia. "Banakosa pumuzi." Njo vile tulitoboa ndobo ya bati na misumari, tukaitundika juu ya muti, na mi nikawa navuta mayi ya kisima, naimwanga ndani, inashuka sawa mvua ndogo. Viganja byangu bilipasuka. Siku moja ulinikuta napaka mafuta ya ngazi, ile mawese, mu mikono, na kiisha ya pale uliita fundi wa kamio ya bwana ya Mama Zaina, ukamuonyesha kinga ya Tata. Ile kinga Tata alienda nayo kazi maisha yake yote, na toka alikufa hakuna mwenye aliigusa. Fundi alishika mudomo. "Mama, unataka kinga yenye haitaenda fasi?" Ukamuambia unataka kinga yenye itatembeza mayi.

Weee, vile bantu balikucheka! Bamama ba kwenda soko balisimama pa lupango kila asubui: "Mama Feza, leo unafika wapi?" Na we, bila kuacha kunyonga: "Nimepita Lubudi, naenda Kamina, munatuma nini?" Bamoja balikupatia kweli salamu ya ndugu zao. Kikwembe yako, ile kitenge, uliifunga juu ya magoti, juu pantalo, suruali, serikali ilikataza ku banamuke, na ulisema kama citoyenne, raia mwanamuke, hana ruhusa ya kuvaa pantalo, basi citoyen mwanaume ageuze macho yake. Nilikuwa na haya siku za kwanza. Kiisha nilianza kukuonea wivu, vile ulikuwa unacheka peke yako pale juu na malata inapiga mayi pa-pa-pa-pa.

Na mayi yako uliiyua. Kipwa, ile kiangazi ya baridi, ulinyonga kidogo tu, juu mayi ya baridi inashika pumuzi yake, samaki banalala chini, ata chakula habaitake sana. Joto ikianza kupanda mbele ya mvua, njo kazi yenyewe: kila asubui mbele ya jua, na asubui ya mawingu unanyonga mupaka kikwembe inaloa jasho. Mi nilifikiri mawingu ni kitu muzuri, inaleta baridi. Ukasema aah wapi, ile kijani yote ya mu mayi, jua ikiwaka inasaidia samaki, jua ikikosa inageuka mwizi, inaanza kubaibia pumuzi. Nani alikufundisha ile? Hakuna muntu. Uliikala pa kale kakiti kako ukaangalia, mwaka na mwaka.

Sasa, we mwenyewe ulichagua kufa wakati gani? Wakati mubaya kabisa. Mwisho wa joto, mawingu imefunga, mvua haitaki kunyesha. Na ulikufa mu kitanda yako, Mama. Mu kitanda! Kichwa yako ilikuwa pa mukono yangu na neno yako ya mwisho ilikuwa kuniuliza kama jua imetoka. Nilikuambia ndiyo, imetoka. Haikutoka, lakini nilikuambia ndiyo. Hakuna muntu mwingine alikuwa mu ile chumba, na benye habakuwa mule njo leo banaelezea namna gani ulikufa.

Unayua kilio ya kwetu. Mutoto wa marehemu anaikala pa mukeka, nywele imefumuliwa, haoge, hafagie, hagusi kazi, ni kulia tu na kupokea bantu. Niliikala. Nilikuwa nataka kuikala, nakuapia. Inje bamama balikuwa banapika bukari mu masufuria makubwa, bantu balijaa lupango yote, na mi nilikuwa nasikiliza kama kuko mwenye ananyonga. Nilimuomba Tata Ilunga, ndugu ya Tata, atume muntu wa kunyonga. Akaniambia: mutoto, si wakati ya michezo.

Na bantu, Mama, beko na roho nzuri. Njo pale kosa ilitoka. Bamama balipomaliza kula balisemezana: ata samaki ya marehemu beko ku kilio, habawezi kulala njaa. Bakachota bukari yenye ilibakia bakamwanga mu mayi. Bakaleta na machicha ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, bakamwanga. Kila sufuria yenye ilioshwa, mabaki yake ilienda kwa samaki, na kila mama aliona ametenda mema. Mi sikuyua. Mi nilikuwa ndani na mukeka na majina ya bantu benye banaingia kunishika mukono.

Kiisha asubui moja nilisikia kilio ya inje imebadirika. Ilikuwa kubwa zaidi, lakini namna nyingine, sawa bantu benye banashangaa. Nikatambaa mupaka dirisha. Mayi yote ilikuwa midomo, Mama. Toka huku mupaka kule, midomo wazi juu ya mayi, inafunguka, inafunga, na ule jike wako mukubwa mbele. Na jamaa yote imesimama pembeni, inalia. Mama Mukubwa amepiga magoti mu udongo na mikono juu: "Muangalie! Muangalie! Samaki banamulilia mwenyewe wao!" Tata Ilunga ametosha kofia. Ba ku kwaya balianza wimbo. Bibi muzee mumoja alisema tubaache, banataka kumufuata, ni upendo. Na bote bakaitika, ni upendo.

Bantu hamsini, ao mia, siyui, bamesimama banaimbia samaki yenye inakosa pumuzi.

Niliamuka pa mukeka. Tantine mumoja, shangazi yangu, alinishika kitambaa ya kichwa, nikamuachia, nikapita mu mulango ya nyuma. Nilifunga kikwembe juu ya magoti sawa weye, nikapanda. Chini ya mayi ile bukari ilikuwa imeanza kuchacha, ilitoa harufu mu pua. Nilianza kunyonga. Malata ilipiga mayi na wimbo ikakatika.

Siwezi kukuandikia yote yenye balinitukana, karatasi itaona haya. "Feza, shuka!" Sishuki. "Unacheza pa maiti ya mama yako!" Sichezi. "Una macho makavu, mutoto!" Ni makavu, ndiyo, niacheni ninyonge. Tata Ilunga alikuya kunishika mukono, na mi nikamuambia mbele ya bantu bote: tata, ukinishusha, utapanda weye. Akaangalia ile kiti ya kinga, akaangalia suruali yake, akarudi nyuma. Mwenye alikuya kunisaidia ni mumoja tu, Mama Zaina. Alishika beseni, akaanza kuchota mayi na kuimwanga toka juu, kuchota na kumwanga, shela yake imeloa yote. Balimuuliza anafanya nini. "Mi si wa jamaa," akabajibu, "hakuna wa kunikataza." Kiisha akaniangalia, akasema polepole: ile bukari ya zamani, mi pia sijasahau.

Bamoja balikufa. Bakubwa, bazuri, nilibaona banageuka. Lakini kidogo kidogo midomo ilianza kupungua, bakashuka chini, mumoja na mumoja, mupaka mayi ikafunga na hakukuwa kitu juu isipokuwa bipande ya bukari. Nilifikiri bantu batafurahi. Nilifikiri Mama Mukubwa atasema aksanti. Unayua alisema nini? Alisimama, akapangusa magoti, akaniambia mbele ya kwaya yote: "Ata samaki umebakataza kumulilia mama yako."

Ile neno iliniingia, Mama. Iko ndani ata leo.

Banasema sikulia. Nililia juu ya kinga, lakini jasho ilikuwa inashuka mu uso yote, nani angetofautisha? Na sikuomba musamaha. Baliniita mu kikao ya jamaa niombe, nikasema hapana. Nilibauliza: nikinyonga mashini yangu ya kushona kutwa nzima, juu ya kushonea bibi zenu bikwembe, mbona hakuna anayesema naua muntu? Miguu ni ile ile! Lakini balikata shauri bila mi: siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga, samaki yote itavuliwa, italiwa, na shimo ifukiwe. Mama Mukubwa hakutaka kuona ile mayi tena. Tata Ilunga alikuwa na hesabu yake mwenyewe, anataka kujenga banyumba badogo pale, na aliongea juu ya moyo yako sawa vile alikuwa munganga.

Masika ilifika na mi nilinyonga. Siku ya mvua kubwa hakuna kazi, mvua yenyewe inapiga mayi vizuri kupita malata, mi nasimama pa dirisha na mushono yangu nabaangalia banaruka. Lakini kiisha ya mvua udongo ya lupango inashuka yote mu shimo, mayi inakuwa sawa chai ya maziwa, na pale usipoamka mbele ya jua, utabalilia. Nilichimba mufereji kuzunguka, ile yenye ulikuwa unasema kila mwaka tutaichimba. Iko pale sasa. Imepinda kidogo pa kisima, usicheke.

Nikuambie kitu, juu sitaki bafikiri naogopa kuisema. Mi nilikuona. Vile ulikuwa unasimamisha kinga na kujifanya unafunga kikwembe, na kikwembe imefungwa muzuri, na mukono yako iko pa kifua. Nilikuona mara mingi. We uliyua nakuona, ukasema: leta mayi ya kunywa, na uache kuniangalia na ile macho. Basi inawezekana kinga iliongeza kidogo. Inawezekana. Nimefikiri juu ya ile asubui mingi, miguu inazunguka na kichwa inazunguka. Na jibu yangu ni hii: na kama iliongeza? Moyo ilikuwa yako. Uliitumia vile ulitaka. Bangekulaza pa kitanda ungekufa vile vile, na ungekufa umekasirika, na mi ningeikala na muntu wa kukasirika mupaka mwisho. Mi nilipata mama mwenye anacheka juu ya kinga. Sitakubali muntu aniambie nililipa bei mubaya.

Kipwa ikafika. Mavumbi ya Mashamba, kule banachimba shaba, ikaanza kulala juu ya mayi, ngozi nyekundu nyembamba kila asubui, na mi naivunja kwa kunyonga kidogo, sawa vile ulinionyesha. Baruti ikilia kule mangaribi, mayi inatetemeka na samaki yote inakimbilia chini, bado habazoee. Na jamaa ikarudia, juu ya kutosha kilio. Balioga, balikata nywele, balivaa bikwembe bipya. Balikuya na nyavu, balikuya na majembe.

Samaki ya karamu niliitosha mu mayi mi mwenyewe. Sikubanyima. Nilichagua benye bamekomaa, nikaacha ba jike bakubwa, bantu bakala bakashiba, na Tata Ilunga alilamba mifupa. Kiisha alisimama, akashika jembe, akasema sasa tumalize. Pale mi nilikuwa nimeshapanda.

Nilibaambia: mayi haikufa. Mama alikufa, tulimuzika, tumetosha kilio yake leo. Hii haikufa na hamutaizika. Tata Ilunga alichota udongo akautupa ndani, pa karibu na gurudumu. Na mi nilinyonga, Mama! Nilinyonga na nguvu yenye siyui ilitoka wapi, malata ikachota ule matope yote ikamurudishia mu kifua, mu abakosi yake, ile koti mupya, mu ndevu, mu mudomo wenye ulikuwa wazi juu ya kunigombeza. Kiisha Mama Zaina alicheka. Alijaribu kuzuia na mukono, ikashindikana, na nyuma yake jamaa yote ikaanguka na kicheko, bazee, ba kwaya, batoto, bote, ile kicheko ya bantu benye balijinyima toka kilio ilianza. Tata Ilunga alipangusa macho. "Kichwa nguvu," alisema, "sawa mama yake kabisa." Nikamuambia aksanti, tata. Aliacha jembe pale pale akaenda kubadirisha nguo. Alisema tutaongea tena, na nayua ataongea tena, ule muntu hasahau fasi ya kujenga. Akuye tu.

Mwenye hakucheka ni Mama Mukubwa.

Siku yake ya kupanda treni alikuya nyuma ya nyumba asubui, nilikuwa nanyonga. Alisimama pale muda murefu na mufuko yake. Sikumusalimia wa kwanza, na unayua ile ni mubaya, ni mama yangu mukubwa. Lakini sikumusalimia. Akaangalia ule jike wa mukia ya kukatika. Akauliza kama ni weye ulimutia mule. Nikasema ndiyo, na mikono yake, toka alikuwa kama kidole. Kiisha akasema nimupatie samaki. Nilifikiri juu ya safari, nikamuuliza ya kukaanga? Akanikasirikia: "Ya kuishi."

Nilimutilia batoto ba samaki mu ndobo, na mayi ya pale pale. Alisema nyuma ya nyumba yake ku Lubudi kuko shimo ya matofali yenye inashika mayi. Hakusema nisamehe, na mi sikusema nisamehe. Nilimubebea ndobo mupaka gare, ile stesheni, na treni ilipokaribia nilimuambia kweli: mayi ikinyamaza, batakufa mbele ya kufika Tenke. Akasema sasa nifanye nini, nipandishe kinga mu treni? Nikamuambia: tia mukono, uzungushe, usiache.

Ngoy mutoto wake, mwenye alisafiri naye, alipita hapa juma iliyopita akaniambia. Mama Mukubwa aliweka ndobo katikati ya miguu yake, akatia mukono, akaanza kuzungusha. Alibadirisha mukono, lakini hakuacha. Ku Tenke, pa kubadirisha treni, mizigo yake yote bantu balibeba, ndobo alibeba mwenyewe, anazungusha na kutembea. Bukari yenye alifungiwa hakuikula. Ngoy alimuambia mama, nipatie kidogo, upumzike, akamukatalia. Bantu ba mu wago ya treni balimuuliza anafua nini mule ndani. Akabaambia: "Ni ya ndugu yangu. Muniache." Na alikuwa analia, Ngoy alisema, analia na anazungusha, mupaka Lubudi.

Balifika bazima, Mama. Bote.

Leo joto imeanza kupanda tena, mayi imeanza kuwa kijani, na kesho inaonekana mawingu itafunga. Kwa hiyo nakuacha hapa, juu niko na kuamka mapema. Enda, Mama. Tembea muzuri kule kwenye uko, na ukimukuta Tata umuambie kinga yake iko inatumika. Mi sina kitu kubwa ya kukuahidi, mi mushonaji wa bikwembe. Nakuahidi hii: nikiwa na miguu, hakuna muntu ataangalia tena samaki yako inakosa pumuzi, na kusimama pembeni, na kuita ile upendo.

Mutoto wako,
Feza